Yowe, Mbiu na Redio: Namna Wakenya Wanavyoitikia Majanga

Katika orodha ya tanzu za fasihi simulizi ambazo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya hufunzwa, yowe halimo. Zimo ngano, vitendawili, methali, nyimbo, mivigha na hata utani wa mababu na wajukuu. Lakini sauti ambayo kila mwanajamii hujifunza kuiitikia kabla hajajua kusimulia lolote imeachwa nje. Yamkini sababu ni kwamba yowe halina maneno, na mhakiki aliyezoea kunukuu beti hapati cha kunukuu. Hata hivyo, yowe lina sifa zote za utanzu. Lina fanani, naye ni yule aliyefikwa. Lina hadhira, nayo ni kila mwenye masikio. Tena lina kanuni kali kuliko za ngano yoyote: anayelisikia sharti atoke. Aliyelisikia akabaki kitandani aliulizwa asubuhi yake alikuwa wapi, na asipokuwa na jibu la maana, alijua kwamba siku yake ikifika atalia peke yake.

Wingi wa majina ya sauti hii unatosha kuonyesha uzito wake. Wakikuyu huiita mbu, Waluo nduru. Kiswahili kina yowe, ukemi, unyende, usiahi, na kamsa. Lakini neno lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kitenzi cha kawaida mno ambacho vyombo vya habari hukitumia kila panapotokea mkasa: wakazi walikimbilia eneo la tukio. Kukimbia ni kuondoka penye hatari. Kitenzi hicho kikitiwa katika kauli ya kutendea kinageuza uso, kikawa kwenda kule kule ambako hatari iko. Na bado umbo hilo hilo la kukimbilia ndilo hutumiwa kwa mtu anayetafuta hifadhi, ndipo lugha ikapata kimbilio. Mwito wa kuokoa na mwito wa kujiokoa umefungwa ndani ya neno moja, na ni muktadha tu unaomwambia msikilizaji aelekee wapi. Muktadha ukitatanika, miguu hufuata mazoea.

Siku ambayo jambo hili lilidhihirika kwa namna ya kutisha ni Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998. Yapata saa nne na nusu asubuhi, gari lililosheheni baruti lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, penye makutano ya barabara za Haile Selassie na Moi katikati ya jiji la Nairobi. Mlinzi alikataa kulifungulia. Mmoja wa washambulizi alirusha guruneti, kukasikika mshindo, na risasi zikafuata. Katika ofisi za jirani, kwenye jumba la Benki ya Ushirika na jumba la Ufundi, makarani, wahasibu, wanafunzi na wateja waliacha walilokuwa wakilifanya wakaenda madirishani. Muda mfupi baadaye bomu lenyewe likalipuka. Jumba la Ufundi liliporomoka. Vioo vya majengo ya pande zote viligeuka visu, vikawapata watu usoni, kwa kuwa nyuso zilikuwa zimeelekezwa nje. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam, ambako bomu la pili lililipuliwa asubuhi hiyo hiyo, walikufa watu 11. Waliojeruhiwa Nairobi walikuwa maelfu, na wengi wa waliopoteza macho waliyapoteza kwa sababu walikuwa wametazama.

Ni rahisi kusema kwamba walioenda madirishani walisukumwa na udadisi wa watu wa mjini. Maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi, hasa na wale wanaofundisha kujihami na kulala chini ya meza. Lakini maelezo hayo hayatoshi, na kwa kiasi fulani yanawakosea heshima wafu. Mshindo ule wa kwanza uliwafikia watu ambao tangu utotoni walikuwa wamefunzwa kwamba sauti kali isiyo ya kawaida ni swali linaloelekezwa kwao: ni nani amefikwa? Mtu hawezi kulijibu swali hilo bila kutazama. Walifanya pale orofani kile ambacho mama zao wangefanya kijijini, isipokuwa kijijini baina ya msikilizaji na yowe hapana kioo.

Ushahidi wa hoja hii umo katika yaliyotokea dakika chache baadaye, nao haujapewa uzito unaostahili. Umati uliokuwa barabarani haukutawanyika. Uliingia kwenye moshi. Watu waliinua zege kwa mikono mitupu, wakabeba majeruhi mabegani, juu ya mbao na juu ya milango iliyong'oka. Matatu, ambazo kwa siku za kawaida husemwa vibaya na kila mtu, zilishusha abiria zikapakia waliojeruhiwa kuelekea Hospitali Kuu ya Kenyatta. Foleni za waliojitolea kutoa damu zilikuwa ndefu. Hakuna aliyewatuma, kwa saa za mwanzo hapakuwa na kiongozi wa kutuma mtu. Miguu iliyowapeleka wengine dirishani ndiyo miguu iliyowaleta wengine kifusini. Haiwezekani kuisifu tabia ya pili na kuikejeli ya kwanza, maana chimbuko lao ni moja.

Tena tabia hiyo ya pili nayo ilikuwa na gharama yake. Kazi ya kuwatafuta waliofukiwa huhitaji kimya, ili waokoaji wasikie mgongo wa zege unasema nini. Umati ulioitikia yowe haujui kunyamaza. Kila mmoja anataka kushika jiwe lake. Yowe lina kanuni ya kuitikia, lakini halina kanuni ya kupanga. Kijijini kazi hiyo ilifanywa na wazee waliofika baadaye, na mjini wazee hao walikuwa hawajulikani ni akina nani.

Hapa ndipo vyombo vya habari vinapoingia, na vinaingia na tanzu zao wenyewe. Mwaka 1998 redio ya kitaifa ya KBC ndiyo iliyokuwa ikisikika kila pembe ya nchi. Runinga zilikuwa chache, ingawa KTN ilikuwapo tangu 1990. Katika siku zilizofuata mlipuko, masimulizi yaliyowashika Wakenya kuliko yote yalimhusu mwanamke mmoja aliyefukiwa chini ya jumba la Ufundi, ambaye waokoaji, wakiwamo wale waliotoka Israeli na mbwa wao, waliweza kuisikia sauti yake. Nchi nzima ilimngoja. Taarifa za habari zilipangwa kwa taharuki ambayo mwandishi yeyote wa riwaya angeitamani: amesema, amenyamaza, wamemkaribia. Alipofikiwa alikuwa amekwisha kufa.

Mhakiki wa fasihi hawezi kukosa kuuona utanzu uliotumika hapo. Ni ngano ya mhusika mmoja, aliyemezwa na zimwi la mawe, ambaye hadhira inangoja atolewe tumboni akiwa hai kama ilivyo desturi ya ngano. Utanzu huo ulifanya kazi kubwa. Uliwapa watu wa Lodwar na wa Lamu mtu wa kumlilia, na kwa hiyo ukawaunganisha na jiji ambalo wengi wao hawakuwahi kulikanyaga. Lakini ngano ya mhusika mmoja ina tabia ya kuwafuta wahusika wadogo. Maelfu ya waliokatwa na vioo hawakufukiwa popote. Walikuwa majumbani na mahospitalini, wakijifunza kupapasa. Kwao hapakuwa na taharuki, kwa sababu kipofu hapotei machoni pa watu ghafla; hubaki pale pale mwaka hadi mwaka. Hadithi yao haikuwa na mwisho, na taarifa ya habari haipendi kisa kisicho na mwisho. Madai yao ya fidia yameendelea kwa zaidi ya miongo miwili, na kila Agosti hutajwa kwa siku moja. Mahali palipokuwa na ubalozi pana bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa 2001, na majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Ukuta huo ni wa waliokufa, si wa waliopofuka.

Pamoja na ngano hiyo, redio ya Kenya ilikuwa na utanzu mwingine uliokomaa zaidi, ambao wahakiki wameupuuza vivyo hivyo. Utanzu huo ni tangazo la kifo. Kwa miongo mingi saa ya matangazo ya vifo ilikuwa miongoni mwa saa zilizosikilizwa kwa makini mno katika nyumba za mashambani. Mtu aliyekuwa akipura maharagwe aliacha kupura. Mtindo wake haukubadilika: jina la marehemu, baba yake, waliobaki, mahali pa kazi pa kila mmoja, kisha wito kwa jamaa wapatiwe habari popote walipo. Fungu hilo la popote walipo lina ushairi ndani yake, ingawa halikukusudiwa liwe nao. Linakiri kwamba ukoo umesambaa na kwamba sauti ya kijiji haiwezi tena kuwafikia wote. Redio ilikuwa yowe la mbali.

Ubora wa tangazo la kifo ni kwamba linamwambia msikilizaji cha kufanya. Lina mahali, siku na saa. Linataja penye mikutano ya matayarisho na njia ambayo mwili utapita. Kwa sababu hiyo Wakenya ni mahodari wa yale yanayofuata msiba. Ndani ya siku chache harambee huitishwa, magari hupatikana, wapishi hujigawia zamu. Janga kubwa likitokea, vyombo vya habari hulipokea kwa umbo hilo hilo: hesabu ya maiti, chumba cha kuhifadhia maiti, jamaa wanaotafuta, viongozi wanaotoa rambirambi. Nchi huombolezewa kama mtu mmoja.

Kasoro ni kwamba tangazo la kifo halina nafasi ya kuuliza kwa nini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka katika kivuko cha Mtongwe, Mombasa, watu 272 wakafa karibu kabisa na gati, huku ikiwa imebeba abiria kupita kiasi. Katika mikasa kama hiyo methali moja hujirudia hadi ikawa kama kiitikio: ajali haina kinga. Inafaa kuitazama methali hii mahali pake pa asili. Husemwa na mtu aliyekwenda kutoa pole, akimwambia mfiwa anayejitesa kwa laiti: laiti ningalimzuia asisafiri, laiti ningalimwamsha mapema. Kwa mfiwa huyo methali ni dawa. Inamwondolea mzigo ambao si wake. Lakini methali hiyo hiyo ikitamkwa mbele ya kipazasauti na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu abiria, maana yake imebadilika kabisa ijapokuwa hakuna neno hata moja lililoongezwa. Sasa aliyeondolewa mzigo ni msemaji. Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba maana ya methali hutegemea msemaji na mahali. Ni nadra kuonyeshwa mfano ulio mchungu kiasi hiki. Mwandishi wa habari anayeinukuu kauli hiyo bila kutaja ni nani aliyestahili kuitumia anashiriki katika uhamisho huo.

Si kila mkasa unaoelezeka kwa utamaduni, na kuna hatari ya kuugeuza utamaduni kuwa jibu la kila swali. Lori la mafuta lilipopinduka Sachangwan karibu na Molo tarehe 31 Januari 2009, na mafuta yalipovuja katika mtaa wa Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, waliokimbilia na mitungi hawakuwa wakiitikia yowe. Walikuwa maskini walioona bidhaa ya bei inamwagika. Kuwasema kwa mila zao ni kuwanyima hata sababu yao wenyewe.

Yowe, basi, huita mwili. Tangazo la kifo huita ukoo. Lakini jamii za pwani zilikuwa na sauti ya tatu, iliyoita akili. Ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo. Wanaoitumia methali hii leo wengi hudhani mgambo ni askari. Zamani mgambo ulikuwa tangazo lenyewe, na mbiu ilikuwa pembe ya mnyama iliyopulizwa ili watu wakusanyike wasikie. Tofauti yake na yowe ni ya msingi. Aliyesikia mbiu hakwenda mbio. Alisimama kusikiliza, kwani baada ya sauti yalifuata maneno: nani ameamuru nini, tangu lini, na atakayekaidi atafanywaje. Mbiu ilitangulia jambo. Katika mabadiliko ya maana, tangazo limepotea na kubaki askari, na mabadiliko hayo yana kisa chake katika historia ya utawala ambacho kingefaa makala nyingine.

Redio ilipaswa kuirithi pembe hiyo. Jina kwa hakika imelirithi, na runinga pia. KTN imewahi kukiita kipindi chake cha habari za Kiswahili Mbiu ya KTN. Lakini historia ya redio ya Kenya imemfunza msikilizaji kuwa na shaka na mpiga mbiu. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la wanahewa waliteka kituo cha Sauti ya Kenya na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Huyu ndiye mtangazaji wa Je, Huu ni Ungwana?, mwana wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Sauti yake ilikuwa kipimo cha adabu nyumbani mwa watu. Siku hiyo hiyo sauti hiyo hiyo ilirudi hewani kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi ipo. Msikilizaji aliyetoka barabarani kwa tangazo la kwanza, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa miongoni mwao, alijifunza kwamba kuiamini sauti anayoipenda hakumjulishi nani ameshika bunduki nyuma yake. Baada ya siku ile, wengi waliposikia jambo zito kwenye redio ya nyumbani walizungusha kisu cha redio kutafuta BBC kabla ya kuamua lolote.

Ndiyo maana onyo la mapema limekuwa utanzu dhaifu. Mvua za 1997 na 1998 zilileta nchini neno la Kihispania, El Niño, ambalo wavuvi wa Peru walilitumia kwa maji ya joto yaliyofika karibu na Krismasi, wakimaanisha Mtoto Yesu. Wakenya walilipokea neno hilo wakaliita Elnino, na likawa jina la mvua yenyewe, karibu jina la mtu: Elnino amekuja, Elnino amebomoa daraja. Jambo lililopewa nafsi huwa na hiari. Linaweza kuja na linaweza kughairi. Oktoba 2023, baada ya majuma ya matayarisho, Rais William Ruto alitangaza kwamba Elnino ile iliyotabiriwa haingekuja kwa ukali uliohofiwa. Mvua ikanyesha, na kabla ya mwaka kwisha mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya mia moja. Wataalamu wa hali ya hewa husema kwa lugha ya uwezekano. Taarifa ya habari huigeuza lugha hiyo kuwa atakuja au hatakuja, na mwenye nyumba bondeni, akisikia hatakuja, hahami.

Korona ilipofika, tanzu zote tatu zilivurugika kwa pamoja. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kafyu ikaanza tarehe 27 mwezi huo. Kila alasiri Wizara ya Afya ilisoma takwimu: waliopimwa, walioambukizwa, waliopona, waliokufa. Ilikuwa mbiu iliyopigwa kila siku, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu watu waliacha kazi kuisikiliza. Barakoa na karantini yakawa maneno ya sokoni. Lakini amri iliyofuata mbiu hiyo ilikuwa kinyume cha kanuni ya yowe. Yowe husema njoo. Korona ilisema kaa. Aliyempenda jirani yake alitakiwa asimwendee. Hata tangazo la kifo lilinyang'anywa kiini chake, kwa kuwa waombolezaji walipunguzwa hadi wachache wa karibu, na kauli ya popote walipo ikawa haina kazi, maana popote walipo walitakiwa wabaki huko huko.

Aprili mwaka huo, katika kaunti ya Siaya, mwili wa mtu mmoja aliyefariki kwa ugonjwa huo ulizikwa usiku wa manane na maafisa wa afya waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, bila jeneza. Picha za mazishi hayo zilienea kwenye simu kutoka mkono hadi mkono. Kwa wataalamu, picha ile ilionyesha tahadhari. Kwa Mluo aliyeitazama, ilionyesha mtu anayeingizwa kaburini upesi upesi, usiku, na watu wasio na nyuso, pasipo nduru na pasipo mkesha. Simu ilikuwa imefanya kazi ya yowe kwa ukamilifu: iliwafikia wote, iliwaumiza wote, nayo haikumwachia hata mmoja njia ya kutoka nyumbani na kwenda. Mjadala uliozuka siku zilizofuata, redioni na vijijini, haukuhusu virusi na namna vinavyoambukiza. Ulihusu kaburi lile. Waliouendesha waliuliza ni nani aliyeamuru, kwa nini usiku, na kwa nini jirani hakuitwa hata asimame mbali, na Wizara ilipowajibu iliwajibu kwa takwimu za siku.